Reli ya Juu ya Ukuta

Sogeeni karibu. Anayesinzia aamshwe, anayecheka asubiri kidogo. Hadithi hii haina zimwi wala sultani. Ina baba mmoja, watoto watatu, na kipande cha shaba kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Nitaisimulia mpaka pale ilipofika, kisha nitawakabidhi nyinyi, kwa sababu wenyewe imewashinda.

Katika mji wa Lukwembe, ulioota kando ya stesheni ya zamani chini ya milima, walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Kondo, mkubwa wao, alijaliwa jicho la mawe. Alilitazama rundo la mawe kama wewe unavyotazama kundi la watu unaowajua. Aliokota moja, akaligeuza mara moja, akaliweka, na jiwe likatulia kama lililokuwa likisubiri kuitwa. Kuta zake hazikuonja saruji, na hazikuanguka.

Shomari, wa pili, alijaliwa mkono wa chuma. Alichomelea madirisha na mageti, na watu walisema chuma kikimwona Shomari kinalainika chenyewe, kumwondolea usumbufu.

Zena, kitinda mimba, alijaliwa sauti. Hakuwa mwimbaji. Aliiga. Aliweza kuwa mwalimu mkuu, akawa muuza samaki, akawa shangazi yake aliyekosana na kila mtu, na watu harusini wakashika mbavu. Alipokuwa na miaka saba alimwiga Mzee Ndahani, rafiki wa baba yake, mbele ya Ndahani mwenyewe: kikohozi, kicheko, na ule uvutaji wa maneno. Ndahani alicheka mpaka akatoa machozi. "Chiduo," alisema, "huyu mtoto wako ameniiba mzimamzima!"

Na baba yao, Mzee Chiduo, alikuwa mkagua njia.

Nyinyi wa siku hizi labda hamkumwona mkagua njia. Ni mtu anayetembea juu ya reli kila siku ya Mungu, na nyundo yake na spana yake, akigonga na kusikiliza. Reli nzima ikigongwa hulia *ngii*. Boliti iliyolegea hulia *ngo*. Mzee Chiduo alitembea hivyo miaka thelathini na minane, kutoka Lukwembe mpaka jiwe jeupe la mpaka. Upande wa pili wa jiwe ilianza njia ya Ndahani, naye alitembea kutoka stesheni yake mpaka hapohapo. Walikutana kwenye jiwe.

"Njia inasemaje?" aliuliza Ndahani.

"Njia salama," alijibu Chiduo.

Kisha walikabidhiana kibati cha shaba chenye namba kumi na saba. Kilikuwa kimoja tu. Leo Chiduo alimpa Ndahani, kesho Ndahani alimrudishia Chiduo. Kibati kikifika upande wa pili, wakubwa walijua njia yote imetembewa. Na sheria yao ilikuwa moja: hageuki mtu mpaka amekutana na mwenzake. Mvua inyeshe, jua liwake, mwenzako asipoonekana, unavuka jiwe unakwenda mbele, kwa sababu huenda ameumia, au reli imeng'oka na amekwama kuilinda.

Ishikeni sheria hiyo. Tutaihitaji.

Miaka ilipita. Njia mpya ilichimbwa upande wa pili wa mlima, na njia ya Lukwembe ikaachiwa nyasi. Ndahani akafa. Mama yao akina Kondo akafa. Kibati kilibaki kwa Mzee Chiduo, kimening'inia kwenye msumari kando ya mlango. Na ndani ya kichwa cha mzee, vitu vikaanza kuondoka kimoja kimoja. Yalikwenda majina ya majirani. Ikaenda njia ya kwenda sokoni. Asubuhi moja Zena, aliyekuwa amerudi nyumbani kumtunza, alimwekea chai, naye mzee akamtazama kwa adabu kubwa akasema, "Ahsante, mama. Mwenye nyumba yuko wapi?"

Miguu peke yake ndiyo haikusahau.

Kila asubuhi Mzee Chiduo alichukua nyundo, akachukua kibati, akatoka. Alitembea juu ya reli iliyokufa, akilifuata jiwe jeupe. Alifika, asimkute mtu. Basi akavuka akaenda mbele, kama sheria ilivyotaka. Mara ya kwanza walimkuta kilomita nne kupita jiwe. Mara ya tatu walimkuta katikati ya daraja la chuma lililong'olewa mataruma, zile mbao zinazobeba reli, amesimama juu ya pau moja, nyayo zinavuja damu, chini yake maji ya masika.

Baada ya siku hiyo Zena alinunua kufuli.

Mzee alisimama ndani akigonga mlango kwa nyundo. Hakupiga kwa hasira. Aligonga kama anavyogonga reli, akisikiliza. "Fungueni, jamani. Treni ya saa tano inakuja. Kuna watu ndani ya treni." Zena aliketi nje, mgongo wake mlangoni, ufunguo umebanwa kiganjani mpaka ukamwachia alama. Kila pigo la nyundo lilipita katika ubao likaingia kwenye uti wake wa mgongo. Siku ya tisa aliwaita kaka zake.

"Siwezi tena," alisema. "Mmoja wenu aje ashike ufunguo huu, au tumwache akafie darajani. Mimi siwezi."

Kondo ndiye aliyeinua kichwa kwanza. "Kama hatuwezi kumtoa njiani," alisema, "tumletee njia hapa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza.

Kondo alileta mawe. Kwa miaka minne alikuwa akiyatoa mtoni, moja moja, kwa ajili ya msingi wa nyumba yake mwenyewe, maana yeye na mkewe na watoto walikuwa bado wanaishi vyumba viwili vya kupanga. Aliyapakia yote. Mkewe alisimama mlangoni akitazama mkokoteni unavyojaa.

"Na nyumba yetu, baba Asha?"

"Itasubiri."

"Imezoea," alisema mkewe, akaingia ndani.

Kwa mawe hayo Kondo aliizungushia bustani ya baba yake ukuta wa kimo cha kiuno. Kwa nini kiuno? Kwa sababu mgongo wa mzee ulikuwa umepinda, hakuweza tena kuinama mpaka chini. Reli ingepita juu ya ukuta, mkononi mwake. Ukuta ulitoka mlango wa jikoni, ukapita migomba, ukapita matuta ya mchicha, ukazunguka mpapai, ukarudi jikoni. Juu yake Kondo alimwaga kokoto alizozipondaponda mwenyewe, ndogo kama maharage.

Jirani yao, Bi Sikujua, alikuja kila siku kuegemea uzio. "Kondo, hiyo treni ya panya itaondoka lini? Nikate tiketi mapema."

"Daraja la kwanza limejaa, Bi Sikujua. Kuna nafasi kwenye behewa la mizigo."

"Mwone! Mkeo ana kazi."

Shomari alileta chuma. Alikuwa na pau za mageti ya shule moja, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Aliwarudishia wenyewe fedha yao na kazi akaikosa, na jina lake la mtu wa kutimiza miadi likaondoka nayo. Pau hizo alizichana, akazinyoosha, akazisimamisha sambamba juu ya mataruma madogo aliyoyapasua kutoka kwenye mlango wa zamani wa mninga. Alitengeneza vibamba vya kuungia, vidogo kama vidole, kila kimoja na boliti zake nne. Mwisho akaunda kiberenge, kile kigari cha mafundi wa njia, kidogo kama kasha la viatu, cha kusukumwa kwa kidole. Kilibeba spana ya mzee na chupa yake ya chai.

Zena hakuwa na mawe wala chuma. Alipika, akabeba maji, akatazama. Wakati ule hakujua bado atatakiwa kutoa nini.

Siku ya kwanza walimtoa mzee nje. Alisimama mlangoni mwa jikoni, akaiona reli. Hakushangaa hata kidogo. Aliweka kiganja juu yake kama mtu anayempapasa ng'ombe wake, akachukua nyundo, akaanza. *Ngii. Ngii. Ngii.* Zena aliing'oa kufuli mlangoni akaitupa chooni.

Lakini saa sita mchana jua lilipokaza, ukuta ulilia *paa!* na reli ya upande wa migomba ikajikunja, ikanyanyuka juu ya kokoto kama nyoka aliyekanyagwa. Shomari alishika kichwa. Mbali na boliti, alikuwa amechomelea viungo vyote bila kuacha mwanya, kwa sababu alitaka iwe laini, alitaka iwe nzuri kuliko geti lolote alilowahi kutengeneza.

Mzee Chiduo aliitazama ile reli, akamtazama mwanawe. "Wewe ni fundi mgeni?"

"Ndiyo, mzee," alisema Shomari.

"Chuma kinapumua, kijana. Ukikibana pumzi, kitakuaibisha. Acha mwanya wa unene wa ukucha." Akamwonyesha ukucha wake wa kidole gumba. Shomari alikata viungo vyote, themanini na vinne, akipima kwa ukucha wa baba yake.

Siku ya pili reli ilitulia. Mzee alitembea, akasukuma kiberenge, akagonga, akasikiliza. Alizunguka, akarudi jikoni, akapita, akazunguka tena. Walikaa kwenye ngazi wakifurahi. Ilipofika adhuhuri hakuwa amesimama. Walimwita chakula, hakusikia. Alasiri alikuwa bado anazunguka, anapepesuka, midomo imepauka, na kwenye matuta ya mchicha akaanguka.

Kondo alimbeba kama mtoto. "Tumemjengea jela ya mviringo," alisema.

Hapo ndipo Zena alipoielewa sheria ya kibati. Hakuna mtu angeweza kuielewa isipokuwa aliyekulia katika nyumba ile. "Hana pa kugeukia," alisema. "Njia haina mpaka. Na mpakani hakuna mtu."

Asubuhi Kondo aliubomoa ukuta wake mwenyewe, hatua nne kabla ya kufika jikoni, na kila jiwe alilolitoa alilitoa kwa mikono miwili. Mwishoni aliweka jiwe moja kubwa, akalipaka chokaa. Sasa njia ilikuwa na mwanzo na mwisho. Kutoka mlango wa jikoni mpaka jiwe jeupe zilikuwa hatua nne kwa anayekatiza, na hatua mia na arobaini kwa anayefuata reli.

Zena alikwenda akasimama kwenye jiwe jeupe. Baba yake alikuja akigonga, akamfikia.

"Baba," alisema, "umefika. Turudi nyumbani."

Mzee alimsogeza kando kwa upole. "Binti, usisimame njiani. Ni hatari." Akapita. Akaelekea geti.

Zena alibaki amesimama pale mikono mitupu. Kisha aliingia ndani, akatoa sandukuni koti la zamani la reli, lenye vifungo vya shaba, akalivaa. Akavaa kofia. Alikatiza nyuma ya nyumba, akampita baba yake, akasimama mbele yake. Akakohoa kikohozi cha mtu aliyekufa miaka sita iliyopita.

"Njia inasemaje?"

Mzee Chiduo alisimama. Nyundo ilimning'inia mkononi. Uso wake ulifunguka, na ndani ya uso huo Zena alimwona baba yake mzima, baba wa zamani, kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

"Ndahani!" alisema. "Umechelewa sana, bwana."

"Nimechelewa, Bwana Chiduo. Nisamehe."

"Njia salama," alisema mzee, akampa kibati. Akageuka akaifuata reli, akarudi nyumbani.

Ilikwenda hivyo masika yaliyosalia na kiangazi chote. Wasikilizaji wangu, sikilizeni sasa namna kila mmoja alivyolipwa.

Kondo alikuja kila siku baada ya kazi kuukagua ukuta. Mvua ikilegeza jiwe, alilirudisha. Jioni moja mzee alisimama nyuma yake akimtazama. "Unafanya kazi vizuri," alisema. "Wazazi wako wako hai?" Kondo aliinamia jiwe kwa muda mrefu kuliko jiwe lilivyohitaji. "Baba yangu yupo," alisema. "Msalimie," alisema mzee. "Mwambie amezaa."

Shomari alikuja kila alfajiri, kabla mzee hajaamka, akalegeza boliti nne. Leo hizi, kesho zile. Kwa sababu mkagua njia asiyekuta kosa hana kazi, na mzee asiye na kazi alianza kuliangalia geti. *Ngii, ngii, ngo*, na mzee alisimama, akatoa spana, akakaza, akapangusa mikono na kutabasamu. Lakini baada ya miezi miwili alianza kunung'unika. "Kuna mtu analegeza boliti zangu," alisema. "Anataka kuua watu. Mungu amlaani mkono wake." Alisema hivyo Shomari akiwa amekaa hatua tatu mbele yake, anamenya chungwa. Shomari alimaliza kulimenya, akampa. Kesho alfajiri alikuja akalegeza nne nyingine.

Na Zena alikuwa watu wawili. Jikoni alikuwa mama wa chai, ambaye mzee alimwita "mama" na kumshukuru kwa kila kitu kama mgeni. Kwenye jiwe jeupe alikuwa Ndahani. Alikatiza zile hatua nne akivaa koti, akakatiza tena akilivua, ili awe mlangoni mzee akirudi. "Ndahani anakusalimu," mzee alimwambia. "Salamu zimefika," alijibu.

Wakagua njia wakikutana huzungumza kidogo. Siku moja mzee aliegemea jiwe jeupe, akapunguza sauti.

"Ndahani, ninaishi na mtu mkatili."

"Nani huyo?"

"Nina binti. Hunifungia ndani. Nagonga, hafungui."

Zena alihisi koti lile limekuwa zito kama limelowa. Ilikuwa imepita miezi saba tangu afunge mlango ule. Mambo yote mema ya baada yake yalikuwa yamefutika kichwani mwa mzee, hilo moja likabaki.

"Labda aliogopa," alisema kwa sauti ya Ndahani.

"Aliogopa nini?"

"Kukupoteza."

Mzee alilifikiria. "Alikuwa mtoto mchangamfu sana," alisema. "Alikuwa akikuiga wewe, unakumbuka? Ulicheka." Akacheka, kisha akatazama chini. "Jina lake lilikuwa... Litakuja. Njiani litakuja."

"Litakuja," alisema Zena.

Halikuja.

Siku ya mwisho haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa asubuhi ya baridi na jua jembamba. Mzee alikuja akigonga, akafika kwenye jiwe, akasema njia salama, akatoa kibati. Lakini Zena alipokipokea, mzee hakukiachia. Walikishika wote wawili.

"Hiki usinirudishie tena," alisema. "Mimi nimestaafu."

"Nikipeleke wapi, Bwana Chiduo?"

"Mpe mwanangu."

Zena alisahau kukohoa. "Yupi?"

"Yule aliyenirudishia njia yangu." Mzee alimtazama usoni, chini ya ile kofia, moja kwa moja. "Njia ilikuwa imekufa, Ndahani. Nilikuwa nikitembea kwenye nyasi peke yangu. Akanirudishia. Unadhani sikujua?"

"Una watoto watatu, bwana. Ni yupi?"

"Namjua mwanangu," alisema mzee, na akatabasamu kama mtu anayeficha zawadi mgongoni. "Wewe mpe tu."

Akakiachia kibati. Akageuka. Zena hakukatiza kwenda jikoni siku hiyo. Alisimama kwenye jiwe akisikiliza. *Ngii*, kwenye mpapai. *Ngii*, kwenye mchicha. *Ngo*. Kimya kidogo, sauti ya spana. *Ngii*. Kisha kimya. Akahesabu pumzi zake akisubiri pigo linalofuata. Alipofika kwenye migomba alimkuta ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta wa Kondo, mkono mmoja juu kwenye reli ya Shomari, na kiberenge kimesogea kidogo mbele yake, kimesimama.

Baada ya arobaini, ndugu watatu walikaa bustanini na kibati kikawekwa katikati. Zena aliwaambia maneno ya baba yao yote, bila kuongeza wala kupunguza. Angeweza kusema, "Alinitaja mimi." Hakuwepo shahidi. Hakusema.

Kondo ndiye aliyeanza. "Njia inasimama juu ya kitu. Mimi nilimpa kitu hicho. Wanangu bado wanalala wanne kitanda kimoja. Na nilipoona nimekosea niliubomoa kwa mikono yangu. Siombi mawe. Naomba kujua kwamba alinijua."

"Ukuta bila reli ni boma la mbuzi, kaka," alisema Shomari. "Baba hakugonga mawe, aligonga chuma. Kilichomtoa kitandani kila siku ni boliti zangu. Alinilaani mbele yangu, na kesho yake nikarudi. Nani kati yenu alilaaniwa?"

"Mlijenga mkaondoka," alisema Zena. "Jioni mlikuwa na nyumba za kwenda. Mimi niliihama nyumba hii nikiwa ndani yake. Nilimzika mtoto wake kila siku saa nne ili rafiki yake afufuke. Bila mtu mpakani, ule ukuta wenu na reli yenu vilikuwa vinamuua. Mlimwona alivyoanguka."

"Lakini alimpa Ndahani," alisema Shomari taratibu. "Hakukupa wewe. Wewe ulikuwa tarishi tu."

"Shomari!" alisema Kondo.

Zena alikitazama kibati. Maneno yale yalikuwa tayari ndani yake, Shomari aliyatamka tu. Tangu siku ile alikuwa akijiuliza swali moja, akiosha vyombo, akifagia, akilala. Mzee alipomtazama chini ya kofia, alimwona nani? Kama alimwona Ndahani, basi kibati si chake, na mtoto aliyekumbukwa ni mmoja wa kaka zake. Kama alimwona Zena, basi alijua, na kama alijua siku ile, huenda alijua siku nyingine pia, na ile hadithi ya binti mkatili alimsimulia nani? Rafiki, au binti mwenyewe, usoni?

"Tukikate vipande vitatu," alisema Kondo.

"Mkono wangu hautakikata," alisema Shomari. Na ukweli ni kwamba hakuna mwingine mwenye mkono wa kukikata.

Wakaondoka bila kuagana vizuri.

Mwezi uliofuata Zena ndiye aliyempelekea Kondo habari: njoo uchukue mawe yako, ukajenge, watoto wanakua. Kondo alikuja na mkokoteni. Shomari naye akaja, akafungua boliti zote mia tatu thelathini na sita, moja moja, na hakuna iliyokuwa imelegea isipokuwa tatu kati ya zile nne alizozilegeza alfajiri ya siku ya mwisho. Mzee alikuwa ameifikia moja. Tatu hakuzifikia, kwa maana zilikuwa mbele, kwenye reli ya pili aliyoigonga akirudi tu. Shomari alikaa chini mchangani akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Ukuta umeondoka. Bustani imekuwa wazi, na mchicha unamea hata pale reli ilipopita. Limebaki jiwe moja, lile jeupe, hatua nne kutoka mlango wa jikoni. Kondo hajalichukua, ingawa msingi wake umepungukiwa jiwe moja la pembeni, na fundi anamwuliza kila siku. Hajalichukua kwa sababu kibati kiko juu yake. Zena alikiweka hapo akasema hatakigusa tena mpaka ajue ni cha nani. Shomari akipita njia hiyo huangalia upande mwingine. Mvua zimekinyeshea, namba kumi na saba imeanza kuota kijani.

Hapo ndipo ilipofika, nami nimefika nayo. Mmoja wao alimjengea baba yake mahali pa njia yake kusimama. Mmoja alimpa njia yenyewe, na kila siku akampa sababu ya kuitembea. Mmoja alimpa mtu wa kukutana naye mwisho wa njia, kwa kuacha kuwa mtoto wake. Mzee alisema namjua mwanangu, na mwana alikuwa mmoja.

Jiwe lile pale, kibati kile juu yake, na jikoni Zena anasubiri mtu aje amwambie. Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza: nyanyueni kibati. Mnamkabidhi nani?